Mguu wa Mlowezi

Kibandiko kilikuwa kimechapwa kwa kompyuta na kuwekwa ndani ya kabati la kioo: "Mguu bandia wa mlowezi, takriban 1940. Mti wa podo. Herufi W.M. huenda ni za mwenyewe, pengine Bwana William Mackenzie. Ulipatikana katika shamba moja la Turi."

Inspekta Nanyama alikisoma mara mbili, kisha akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na mguu wenyewe. Ulikuwa umesimamishwa juu ya kitambaa chekundu, kati ya taa ya reli na msumeno wa watu wawili. Ulianzia chini ya goti: bakuli la mbao la kupokea kigutu, muundi ulionyooka, na wayo uliopigiliwa kipande cha tairi. Ubavuni kulikuwa na herufi mbili zilizochomwa kwa chuma cha moto. Ile M ilikuwa imelala upande, kama imeandikwa na mtu ambaye bado anajifunza.

"Fungua," alisema.

Bethwel, msimamizi wa makumbusho, alihangaika na funguo. Alikuwa amefundisha historia miaka thelathini kabla ya kustaafu, na makumbusho haya ya jamii aliyaanzisha mwenyewe, hapa Elburgon, ndani ya nyumba ya zamani ya meneja wa kiwanda cha mbao. Nyumba ilinuka utomvu na mavi ya popo. Ukutani zilitundikwa picha za msanii mmoja wa Molo, zote za msitu wa Mau, zilizochorwa kwenye mabaki ya plaiwudi.

"Kwa kawaida vitu hivi havishikwi kwa mkono mtupu, afande."

"Nina glavu."

Nanyama aliulaza mguu mezani karibu na dirisha. Koplo Kimeli, aliyebakiza miaka miwili astaafu na ambaye hakupenda kusema neno lisilohitajika, alianza kuupiga picha.

"Mwalimu," Nanyama alisema, "magari ya mwaka wa arobaini yalikuwa na mkanda wa usalama?"

"Sidhani."

"Basi huyu Mackenzie aliutoa wapi?" Aliinua mkanda wa kufungia paja. Ulikuwa mkanda mweusi wa kiti cha gari, uliokatwa kwa kisu. "Na hizi skrubu za kichwa cha nyota?"

"Huenda ulirekebishwa baadaye."

"Na nani?"

Nanyama aligeuza mkanda. Upande mmoja ulikuwa umeshonwa kwenye ngozi kwa uzi wa nailoni, mishono kumi na miwili iliyokazwa vizuri. Upande wa pili matundu kumi na mawili yalikuwa yametobolewa, lakini hakuna uzi uliowahi kupita ndani yake.

"Lete daftari la vitu vyenu."

Kifaa nambari 47. Katika safu ya chanzo palikuwa pameandikwa "Shamba, Turi", juu ya wino mweupe wa kufutia. Kimeli aliinua ukurasa dhidi ya mwanga wa dirisha, akakodoa macho, akasoma maneno yaliyofichwa chini: "Dalmas, vitu vya zamani, Rhonda."

"Kwa nini uliandika uongo?" Nanyama aliuliza.

Bethwel alivua miwani. "Madam, hapa nina vitu mia mbili na kumi. Kibuyu cha maziwa cha nyanya yangu. Kipande cha babu yangu, kile kitambulisho cha wakoloni, na mkebe wake aliouvaa shingoni. Watoto wa shule wanapita hapo wakipiga miayo. Wakifika kwa kitu cha mzungu ndiyo wanasimama. Mguu wa mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, nani atasimama?"

"Binti yake alisimama."

Mzee alirudisha miwani na kuketi kwenye kiti cha maonyesho, kile kilichokuwa na kamba ya kuzuia watu.

*

Binti huyo, Wamaitha, alikuwa akingoja nje kwenye benchi. Alikuwa na miaka thelathini na minne, akiuza viazi soko la Elburgon na kufunza watoto wa kanisa. Jumamosi iliyopita aliwaleta watoto hao kuona makumbusho. Mbele ya lile kabati aliketi sakafuni na kushindwa kuinuka. Jumatatu alifika ofisi ya upelelezi na maneno machache: baba yake, Mbugua, fundi wa kunoa misumeno, alipotea mwezi wa Juni 2013, na mguu wake uko ndani ya kioo.

Nanyama hakumwingiza ndani mara moja. Alisimama mbele yake na daftari.

"Kabla hujauona tena. Ndani ya bakuli, pale kigutu kinapoingia, kuna nini?"

"Kipande cha blanketi. Ya kijivu. Alikishika na gundi ya mbao."

Kimeli, aliyekuwa mlangoni, alirudi ndani, akatazama, akatoka tena na kuitikia kwa kichwa.

"Na herufi?"

"Ni zangu. Msumeno ulimkata mwaka wa tisini na tisa. Hakungoja mguu wa hospitali, akajichongea mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi. Nikachoma msumari kwa jiko, nikaandika W. Akanichapa kofi. Halafu akaniambia sasa nimalize." Alijifuta pua kwa kiganja. "Afande, baba hangetoka hata mlangoni bila huo mguu. Kama mguu uko hapa, yeye ako wapi?"

"Wewe unafikiria nini?"

"Ni Maxwel. Mwenye kiwanda. Baba alimshtaki juu ya ile ajali, na kesi ilikuwa inakaribia kuisha. Kila mtu hapa anajua. Maxwel alikufa mwaka wa ishirini, lakini watu wake wako."

Nanyama aliandika jina hilo. Kisha, ndani ya gari, alifungua faili ya zamani ya mtu aliyepotea. Ilikuwa na karatasi nne tu. Ya maana ilikuwa taarifa ya mke, Wariara, iliyochukuliwa Jumanne tarehe 18 Juni 2013:

"Jumamosi tarehe 15 mume wangu aliamka saa kumi na moja asubuhi. Alivaa mguu wake, akanywa chai ya rangi, akasema anaenda Nakuru kumwona wakili wa kesi yake. Nilisikia mguu ukigonga barabarani mpaka akapita kwa kina Kui. Sijamwona tena."

"Maxwel alijua siku ambayo mzee angesafiri," Kimeli alisema. "Inawezekana walimngoja njiani."

"Inawezekana. Lakini angalia hii mishono, Kimeli. Mtu akivamiwa, mkanda unakatika ama unafunguka. Huu haujakatika. Huu fundi ameushona nusu, akaweka chini."

*

Kibanda cha Dalmas kilikuwa mtaa wa Rhonda, Nakuru, upande wa kushukia mtoni, kimejaa redio zisizolia, pasi za makaa, na sufuria zenye matundu. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, amevaa jaketi zito la baridi kwenye jua kali. Alikuwa ameshafungwa miezi sita kwa kupokea mali ya wizi, na alimtambua polisi kabla hajashuka gari.

"Niaje, madam. Karibu. Leo sina kitu."

Nanyama alimwonyesha picha ya mguu kwenye simu. Dalmas aliitazama kwa muda mfupi kupita kiasi.

"Hiyo niliuzia mwalimu mmoja wa Elburgon. Nilitoa kwa dereva wa lori ya mbao."

"Lori gani?" Kimeli aliuliza.

"Ya bluu."

"Dereva anaitwaje?"

"Tulikuwa tunamwita Boss tu."

"Mwenye huu mguu amepotea miaka kumi na moja," Nanyama alisema. "Hatutafuti mali ya wizi. Tunatafuta aliyemuua. Ukisema dereva ambaye hayuko, basi wa mwisho kushika mguu ni wewe. Nikusaidieje?"

Dalmas aliketi juu ya ngoma ya mashine ya kufulia. Uso ulikuwa umemlegea.

"Madam, hiyo kitu si ya wizi. Nilidhani mtasema nimefukua kaburi. Kulikuwa na fundi wa viatu Elburgon, anaitwa Sitati. Alikufa. Mama yake, sorry, bibi yake, akaniuzia kibanda mzima. Nyundo, mashine ya Singa, zile viatu za mbao za kupimia. Huu mguu ulikuwa juu ya rafu, nyuma kabisa, umefungwa kwa gazeti. Nikamuuliza, mathe, na hii? Akasema mwenyewe hakurudi kuichukua."

"Mwaka gani?"

"Ishirini na mbili. Baada ya uchaguzi."

Walipokuwa wakirudi garini Kimeli alisema, "Fundi wa viatu. Na yeye amekufa. Hii kesi watu wake wote wamekufa."

"Si wote."

Nanyama alikuwa tayari ameanza kumfikiria fundi mwenyewe. Mteja analeta mguu, wanakosana, fundi anabaki na mguu. Ilikuwa rahisi, na kwa sababu ilikuwa rahisi aliiweka kando mpaka amwone mjane.

*

Mjane wa Sitati, Edinah, aliishi chumba kimoja nyuma ya kituo cha zamani cha reli, ambapo baba mkwe wake aliwahi kuwa mpiga nyundo wa reli akitokea Webuye. Alimpokea Nanyama kwa "mulembe", salamu ya kwao Webuye, alipolisikia jina lake, akawafutia viti, akawapa chai kabla ya kuuliza wanataka nini.

Alipoona picha hakushtuka. "Wa Mzee Mbugua."

"Mama, fundi alikuwa na ugomvi na Mbugua?"

"Sitati? Sitati alikuwa anaogopa hata kuku. Mbugua alikuwa mteja. Kila mwaka mkanda unakatika, anamshonea mwingine."

Nanyama alikuza picha ya upande wa ndani wa mkanda. Kulikuwa na maandishi ya kalamu ya biki, yaliyofifia: "Mbugua. Sato."

"Hiyo ni mkono wa mume wangu. Anaandika jina na siku ya kuchukua. Alisema utakuwa tayari Jumamosi."

"Jumamosi gani, mama? Hii ndiyo ninataka ukumbuke vizuri."

Edinah aliinuka, akavuta sanduku la bati chini ya kitanda. Alitoa vyeti, kitambulisho cha marehemu, picha za ubatizo, na mwisho kijitabu cha kurasa nne chenye picha ya mwanamke mzee kwenye jalada. Kilikuwa cha utaratibu wa mazishi.

"Mama yangu. Tulimzika Webuye. Soma tarehe."

Jumamosi, 15 Juni 2013.

"Mguu uliletwa Jumatano," Edinah aliendelea. "Mume wangu alianza kuushona. Alhamisi asubuhi simu ikalia kwamba mwili umetoka mochari mapema, twende. Akaacha kazi hapo hapo, akafunga kibanda na kufuli. Tulikaa kilio mpaka Jumatatu. Tulipofika tukasikia Mzee Mbugua amepotea."

"Funguo za kibanda zilikuwa kwa nani?"

"Kwa shingo ya Sitati. Hata kwa kaburi ya mama yangu alikuwa nazo."

Nanyama aliandika polepole, kila siku kwenye mstari wake. Jumatano. Alhamisi. Jumamosi. Jumatatu. Kimeli aliacha kunywa chai.

"Aliyeuleta Jumatano ni Mbugua mwenyewe?"

"Angekujaje bila mguu? Ni mama yake Wamaitha aliuleta, ndani ya gunia. Nakumbuka kwa sababu mkono mmoja alikuwa ameufunga na leso. Ulikuwa umevimba hivi. Nikamwambia, Mama Wamaitha, huo umevunjika, nenda hospitali. Akasema ameanguka akibeba maji."

"Na baada ya mzee kupotea, fundi hakupeleka mguu kwake?"

"Alienda. Wiki hiyo hiyo. Alirudi nao. Mama alimwambia akae nao, mwenyewe akirudi atakuja kuchukua." Edinah alirudisha kijitabu kwenye sanduku, kisha akakitoa tena, kwa sababu Nanyama alikuwa amenyoosha mkono. "Sitati alifikiria labda mzee aliondoka na magongo. Mtu hakutuuliza. Na sisi tulikuwa na kilio chetu."

Nanyama alimwandikia karatasi ya kupokea kijitabu, akaweka sahihi na tarehe. Nje, Kimeli aliwasha gari bila kuulizwa njia.

*

Nyumba ya Wariara ilikuwa barabara ya Mariashoni, ya mabanzi yaliyopigwa rangi ya kijani zamani. Ilikuwa saa nane mchana, jua likitoka na kuingia mawinguni. Wariara alikuwa ameketi kwenye gunia uani akichagua viazi vya mbegu. Alikuwa na miaka sitini na sita, mwembamba, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda chini ya kiwiko pale mfupa ulipojiunga vibaya.

"Karibuni. Mmetoka kwa chifu?"

"Tumetoka upelelezi, Mama Wamaitha. Tumekuja juu ya mzee."

"Mmempata?"

"Tumepata mguu wake."

Mikono iliendelea kuchagua. Kiazi kizuri kushoto, kilichooza kulia.

Nanyama alivuta mtungi uliogeuzwa, akauketia, wakawa uso kwa uso. Alisoma taarifa ya 2013 neno kwa neno, mpaka pale mguu ulipopita ukigonga kwa kina Kui.

"Ni maneno yako?"

"Ni yangu. Na sahihi ni yangu."

"Jumamosi hiyo mguu ulikuwa umefungiwa kwa kibanda cha Sitati. Fundi alikuwa Webuye anazika. Haukuwa umeshonwa hata nusu ya pili. Na aliyeupeleka huko Jumatano ni wewe. Kwa hivyo huyo uliyemsikia akitembea barabarani alikuwa nani?"

Wariara alishika kiazi kimoja muda mrefu. Kilikuwa kizima. Alikitupa upande wa vilivyooza.

"Mama, sikiza kwanza," Nanyama alisema. "Si lazima useme kitu. Ukisema, kinaweza kutumika kortini. Na mimi ndiye mpelelezi wa hii kesi, kwa hivyo kisheria siwezi kuandika ungamo lako. Ataandika afisa mwingine, na utakuwa na mtu wako kando. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Nitamwambia na yeye. Lakini nimechoka kungoja mtu aulize."

Kimeli alisogea akasimama karibu na lango, mgongo kwao.

"Jumanne alinipiga na huo mguu," Wariara alisema. "Alikuwa anauvua, anaketi kitandani, ananiita nije nisimame mbele yake. Nikikataa kuja, siku ya pili inakuwa mbaya zaidi. Kwa hivyo nilikuwa naenda. Jumanne ulinivunja mkono na mkanda wake ukakatika. Akaniambia, peleka kwa Sitati. Nikapeleka."

"Magongo je?"

"Aliyavunja mwaka uliotangulia."

"Aliyavunja vipi?"

"Kwangu."

Kuku walipita katikati yao. Wariara aliwafukuza kwa mguu bila kuwatazama.

"Siku tatu hakuwa na mguu. Hangenifikia. Nilikuwa nalala jikoni, nasikia mvua. Sijui kama unajua kulala, afande. Ijumaa akasema kesho ni Jumamosi, kesho uniletee mguu wangu, halafu tutaongea juu ya hizi siku tatu umenifanya mjinga. Hakupiga kelele. Alisema tu."

"Halafu?"

"Jioni akataka choo. Tulikuwa tumechimbiwa kipya, futi ishirini, bado hakijajengwa, kimewekewa mabanzi juu. Njia ya kile cha zamani inapita hapo kando. Alikuwa ameweka mkono wake hapa." Aligusa bega la kulia. "Anaruka kwa mguu mmoja, ananiegemea. Mimi nilikuwa nimetoa mabanzi mawili mchana."

Nanyama hakuinua macho kutoka kwenye daftari. "Ulimsukuma?"

"Sikumsukuma. Niliondoa bega."

Upepo ulileta harufu ya mbao mbichi kutoka viwandani.

"Alikufa hapo hapo?"

Alipojibu sauti yake ilikuwa ileile, ya mtu anayeeleza bei ya mbegu.

"Hapana. Aliita. Aliniita kwa jina langu, lile hakuwa ametumia tangu tuoane. Mvua ilikuwa kubwa, majirani hawakusikia. Jumamosi asubuhi bado alikuwa anaita. Nikakamua ng'ombe. Nikaenda kanisa kufagia, ilikuwa zamu yangu. Niliporudi saa saba alikuwa amenyamaza. Ndiyo nikaanza udongo. Nilikuwa na mkono mmoja, nilimwaga karai kwa karai wiki tatu. Nikaambia watu shimo limeingia maji."

"Ungeweza kuita mtu asubuhi."

"Ningeweza," Wariara alisema. "Hilo usiache kuandika."

Aliinuka, akajipangusa udongo, akawaongoza nyuma ya nyumba. Kibanda cha kuku kilikuwa kimejengwa juu ya mawe bapa, ardhi yake imedidimia kidogo katikati. Kimeli alilizungushia eneo utepe. Nanyama alipiga simu mbili: moja kutafuta afisa wa kuandika ungamo, nyingine kutafuta amri ya hakimu ya kufukua.

"Nani aliuona mguu?" Wariara aliuliza alipokuwa akifunga mlango wa jikoni. "Baada ya miaka hii yote."

"Ulikuwa umewekwa kwa makumbusho. Mtu alipeleka watoto wa kanisa kuangalia."

Mama alisimama na kufuli mkononi. Watoto wa kanisa walikuwa na mwalimu mmoja tu.

"Atasema ni yeye amenifunga," alisema mwishoni. Kisha akabonyeza kufuli na kumpa Kimeli ufunguo, ili atakayekuja kulisha kuku asikose kuingia.

*

Walifukua Alhamisi, daktari wa maiti akiwepo na amri ya hakimu mkononi. Kwa futi kumi na saba walikuta mifupa ya mwanamume mzima, imeketi, mgongo dhidi ya ukuta wa shimo. Mguu wa kushoto uliishia chini ya goti, na ncha ya mfupa ilikuwa laini, ya jeraha lililopona zamani. Majirani walisimama nje ya utepe. Mmoja wao, mama mnene aliyeitwa Kui, aliondoka kabla ya mifuko kufungwa.

Wamaitha alifika ofisini saa tisa. Alikuwa ameshaambiwa. Aliketi, akaweka mikono juu ya meza.

"Taarifa yako ya Jumatatu bado haina sahihi," Nanyama alisema. "Wewe ndiye shahidi wa kwanza. Wewe ndiye uliyeutambua mguu."

"Nikikataa kuweka?"

"Mwalimu Bethwel atatoa ushahidi, na Mama Edinah, na daktari. Kesi itaendelea. Itakuwa na pengo, lakini itaendelea."

"Na mama atanisikia nikisoma kortini?"

"Atakuwa hapo mbele yako."

Wamaitha aliivuta karatasi na kuisoma yote, kidole kikifuata mstari. Ilikuwa ukurasa mmoja na robo: makumbusho, kabati, herufi, blanketi la kijivu, Maxwel. Alipofika mwisho hakuchukua kalamu.

"Haijaisha," alisema. "Ongeza."

"Niongeze nini?"

"Andika nilikuwa na miaka kumi na mbili, na ndugu yangu Ngigi saba. Tulikuwa tunalala chini ya kitanda, si juu. Andika tulikuwa tunasikia akimwita aje asimame. Andika mwaka wa 2008 nilimwona mama akiwa na jino mkononi. Nilikuwa natembelea kutoka shamba la maua nilipofanya kazi, Naivasha. Nilimuuliza, akasema ni mbegu ya boga. Nikakubali ni mbegu ya boga." Aliirudisha karatasi upande wa Nanyama. "Nilirudi Naivasha siku hiyo hiyo. Andika hiyo pia. Nilikuwa mtu mzima."

"Hii inaweza kumsaidia kortini. Inaweza pia kuonyesha alikuwa na sababu ya kumuua. Nataka ujue kabla sijaandika."

"Alikuwa nayo," Wamaitha alisema. "Andika."

Nanyama alichukua karatasi mpya. Waliandika mpaka saa kumi na moja na nusu, ukurasa wa sita. Mara mbili Wamaitha alirekebisha mwaka, na mara moja alisema neno la Kikuyu ambalo Kimeli ilibidi atoke nje kumtafuta mtu wa kulifasiri. Alipomaliza alisaini chini ya kila ukurasa, jina lote, bila kufupisha.

Kisha akasimama na kuufunga mkoba wake.

"Pale mama amewekwa," aliuliza, "blanketi inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa."

"Na mtu anayepeleka anaweza kumwona?"

"Dakika kumi. Ukienda sasa utawakuta."

Wamaitha alitoka. Kupitia dirishani Nanyama alimwona akivuka barabara mbele ya lori la magogo, akiingia duka la kwanza lililoning'iniza mablanketi mlangoni, akishika moja baada ya nyingine kupima uzito wake.